Mke wa Mchimba Kisima na Kioo Chake

Mtu mmoja alikuwa na kazi ya kuchimba visima, na mke wake alikuwa na kioo. Mtu huyo aliitwa Madeha, na mkewe Sechelela. Kioo kilitoka kwenye mlango wa kabati walilopewa walipooana. Kabati lenyewe lililiwa na mchwa, kikabaki kioo, kirefu kama mkono wa mtu mzima na kipana kama sinia. Seremala alikipigilia ubao nyuma, akakitia mikanda miwili ya mpira wa gari ili kiweze kuning'inizwa. Walipohama kijiji hadi kijiji wakifuata kazi, Madeha alibeba sururu, kamba na ndoo. Sechelela alimbeba mtoto mgongoni, na kioo alikibeba kichwani kikiwa kimeviringishwa katika blanketi. Waliokutana nao njiani walidhani wanahamisha picha ya marehemu.

Kioo kilikuwa na kazi yake. Shimo likishapita pima tatu, chini kunakuwa na giza hata mchana. Koroboi hula hewa na kumwacha mchimbaji akikohoa. Tochi hutaka mkono mmoja, na mchimbaji hana mkono wa ziada. Kwa hiyo walilaza mti juu ya panda mbili mdomoni mwa shimo, wakaning'iniza kioo pale, na Sechelela akasimama nyuma yake akikishika kwa mikono miwili. Jua liligonga kioo, kioo kikalitupa chini, na Madeha akachimba kama mtu aliye uani kwake.

Hakuna aliyemfundisha Sechelela kazi hiyo. Alijifunza kwa kukosea. Alijua kwamba mwanga ukija kwenye kioo kwa mshazari fulani, huondoka kwa mshazari uleule upande wa pili, kama mpira wa makaratasi uliorushwa sakafuni. Kioo hakiuongezi mwanga wala hakiupendelei. Kinautoa kama kilivyoupokea. Alijua kwamba kioo kikilielekea jua moja kwa moja, kinalirudishia jua lenyewe, na aliye chini hapati kitu. Ili mwanga uende chini, kioo lazima kiiname. Kadiri jua linavyoshuka ndivyo kioo kinavyozidi kuinama, na hesabu yake ni hii: jua likishuka hatua mbili, kioo kinainama hatua moja. Alijua pia kwamba kioo kikitikisika kidogo, mwanga unaruka mara mbili ya hapo. Kisimani jambo hilo si dogo. Kioo kikisogea kwa upana wa punje ya mtama, mwanga unaacha kichwa cha mtu na kupanda ukutani. Kwa sababu hiyo alijizoeza kusimama bila kuyumba, hata mtoto akilia, hata nzi akitembea kwenye kope.

Walikuwa na maneno mawili tu baina yao. Wingu likipita juu ya jua, Sechelela aliita, "Wingu!" Madeha akasikia, akaacha kuchimba, akaegemea ukuta. Wingu likiondoka, aliita, "Jua!" naye akaendelea. Kwa miaka sita walifanya hivyo, na visima kumi na vitatu vilitoa maji.

Mwaka mmoja waliitwa kwenye kijiji kilichokuwa chini ya kilima cha mawe. Kilima kilikuwa upande wa magharibi, na upande wa mashariki kulikuwa na mwinuko wa majani makavu ambako watu walilisha mbuzi. Aliyewaita ni Ndahani, mtu mwenye zizi kubwa, ambaye alikuwa ametoa ng'ombe dume kwa ajili ya kisima hicho. Kijijini hapo palikuwa na desturi waliyoirithi. Maji yanapoonekana kwa mara ya kwanza, watu huchungulia, na yule ambaye uso wake unaonekana kwanza juu ya maji mapya, kisima huitwa kwa jina lake, na vizazi vyake vyote hutangulia kuteka. Ndahani alitaka jina hilo. Hakulitaka kwa ubaya. Baba yake alikufa akiwa mtu wa kuomba maji kwenye visima vya wengine.

Wanawake wa kijiji walikuja kutazama kazi, nao walimwona Sechelela amesimama na kioo tangu asubuhi. Mke wa Ndahani, Mwendwa, alikuwa na ulimi usiokaa kimya. Alikuwa na mtoto anayenyonya, wa umri uleule wa Nyemo, mtoto wa Sechelela.

"Jamani, Mama Nyemo," alisema, "mwenzio anatoka jasho huko chini na wewe umesimama kwenye kioo! Bado rangi ya mdomo tu."

Wanawake wakacheka. Mmoja akadakia, "Hebu tuambie, hapo usoni kumeota nini kipya tangu saa tatu?"

Sechelela hakugeuka, kwa sababu angegeuka na mwanga ungegeuka naye. Alisema tu, "Dada Mwendwa, njoo usimame hapa nilipo, utazame ninachokitazama."

Mwendwa akaja akasimama nyuma ya kioo. Aliona ubao. Aliona misumari minne na alama ya penseli ya seremala ambayo haikufutwa. Uso wa kioo, uliotazama jua na shimo, hakuuona hata kidogo.

"Mbona ni mbao?" aliuliza.

"Ndizo hizo hizo. Tangu saa tatu."

Mwendwa alicheka mpaka akashika ubavu. "Basi shughuli yako ni mbaya kuliko ya mbuzi wa kamba. Mbuzi angalau anaona majani." Akaondoka akiwasimulia wenzake. Lakini hakuondoka moja kwa moja. Alisimama kidogo, akatazama jinsi Sechelela alivyokiinamisha kioo kwa vidole viwili, na jinsi kipande cha mwanga kilivyoteremka ukutani hadi kikatua mgongoni mwa Madeha. Kesho yake alirudi na kibuyu cha uji, akamnywesha mdomoni kwa sababu mikono yake haikuwa huru.

Siku ya kumi na moja shimo lilifika pima nane, na Madeha akakuta mchanga. Mchanga ndio unaoua wachimbaji. Udongo mgumu husimama, mwamba husimama, lakini mchanga hutiririka. Kabla ya kuanguka huanza kwa kuchuruzika mahali pamoja, kama unga unaotoka kwenye gunia lililotobolewa na panya, na anayeuona mapema huuziba kwa fito na nyasi, au hupanda juu. Asiyeuona hufukiwa. Asubuhi ile, kabla hajashuka, Madeha alimwambia mkewe, "Leo usinipotezee mwanga." Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi.

Ilipofika saa nane mchana, maji yalianza kuchimbuka chini ya miguu yake. Yalikuwa kidogo, ya kufunika vidole. Madeha alikuwa bado anashindilia fito ukutani, pale mchanga ulipochuruzika, na alihitaji dakika chache tu. Alijaza udongo wenye maji ndani ya ndoo. Chiloli, kijana mwenye nguvu aliyekuwa akivuta kamba, aliipandisha, akaona maji yanadondoka, akapiga kelele, "Maji! Maji jamani!"

Kijiji kizima kikakimbia. Ndahani alikuwa mbele, na nyuma yake ndugu zake, na nyuma yao watu ambao hawakutoa hata kuku lakini waliutaka uso wa kwanza. Walijipanga ukingoni upande ule ule ambako mwanga wa jua ulikuwa ukitokea saa hiyo, wakainama juu ya shimo, bega kwa bega, kila mmoja akitafuta uso wake kule chini. Walisukumana. Walicheka. Mmoja alisema, "Ule wangu!" na mwingine, "Sikio lile ni la nani kama si la kwako, mzee, toka!" Hawakuona uso hata mmoja, kwa sababu miili yao ilikuwa imelizuia jua lisifike kwenye kioo, na kisima kilikuwa cheusi kama chungu.

Sechelela aliita, "Wingu! Wingu!" lakini sauti yake ilizama ndani ya kelele. Madeha chini hakusikia neno. Aliona tu usiku umeingia ghafla. Aliinua uso, akaona vichwa. Mkono wake ukauacha ufito aliokuwa akiusukuma, na mchanga, ambao hautaki jua ili ufanye kazi yake, ukaja.

Sauti ya mchanga haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu anayekaa kitako kwenye nyasi. Waliokuwa ukingoni walinyamaza, halafu wakaanza kupiga kelele upya, kelele za namna nyingine. Wakazidi kuinama. Sasa hawakutafuta nyuso zao. Walimtafuta Madeha, na kila aliyemhurumia alisogea karibu zaidi, na kila aliyesogea alizidisha giza. Mtu mmoja alimwita Sechelela: "Mama, acha hicho kioo, njoo umwone mumeo!"

Hapo ndipo Sechelela alipopandisha sauti kwa ukali, yeye ambaye hawakuwahi kumsikia akiipandisha hivyo.

"Ondokeni mdomoni mwa kisima! Hamumwoni, na mnamzuilia jua!"

Wakarudi nyuma. Ndahani ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudi. Jua likagonga kioo, kioo kikalipeleka chini, na Chiloli, aliyelala kifudifudi ukingoni upande wa pili, akasema, "Namwona. Mchanga umemfika kifuani. Mkono mmoja uko nje. Anapumua." Kisha akajifunga kamba kiunoni, akachukua sahani ya bati badala ya jembe ili asimjeruhi, akateremshwa.

Wenzangu, fikirini kidogo alipokuwa amesimama mwanamke huyo. Mume wake alikuwa chini ya miguu yake, pima nane, na baina yao hakuna kitu ila ubao. Angeinama kidogo tu angemwona. Kila mtu pale aliweza kumchungulia kwa zamu kutoka upande usio na jua, mmoja mmoja, na kumwita jina. Yeye peke yake hakuweza. Akiinama, mikono inasogea. Mikono ikisogea, mwanga unaruka ukutani. Na Chiloli angekuwa akichota mchanga gizani karibu na uso wa mtu. Kwa hiyo mke alitazama misumari minne na alama ya penseli. Alimsikia mumewe akikohoa, halafu hakumsikia, halafu akamsikia tena.

Nyemo akaanza kulia mgongoni kwa njaa. Sechelela hakusogea. Maziwa yakamtoka yenyewe, yakalowesha kanga. Mwendwa aliona. Alikuja nyuma yake, akafungua mbeleko taratibu asiutikise mgongo, akamchukua mtoto, akakaa chini palepale kwenye vumbi na kumnyonyesha, Nyemo titi moja na mwanawe Chilewa titi la pili. Akiwa amekaa hivyo alianza kumwambia Sechelela yote yaliyosemwa na wale waliochungulia, neno kwa neno, ili awe na macho. "Amemfikia. Anachota. Amemfuta mchanga mdomoni. Mama Nyemo, anasema mumeo amesema 'pole pole'. Unasikia? Amesema pole pole." Sechelela aliitikia kwa kichwa bila kichwa kutikisika sana.

Ndoo zilipanda na mchanga na kushuka tupu. Kila Chiloli alipotoa sahani tatu, mchanga mwingine ulirudi sahani mbili. Na maji yalikuwa yakipanda taratibu ndani ya mchanga. Jua nalo lilishuka, kama kila siku. Sechelela aliinamisha kioo, akainamisha tena. Ilipofika saa kumi na nusu, kivuli cha kilima cha mawe kilikuwa kimefika kwenye zizi la Ndahani. Kutoka zizini hadi kisimani ni hatua arobaini. Wanaume wakaanza kutafuta taa. Koroboi ilishushwa, ikamkohoza Chiloli, ikazimwa. Tochi mbili zilikuwepo kijijini, na betri zake zilikuwa zimechoka.

Mwendwa alikitazama kile kivuli kikija. Halafu akageuka akatazama mashariki, kwenye mwinuko wa mbuzi, ambako majani yalikuwa bado yanang'aa kwa jua. Kumbukeni kwamba alikuwa amekwisha kusimama nyuma ya kile kioo. Aliinuka, akawaweka watoto wote wawili mapajani mwa mama mkwe wake, akawapigia wanawake kelele:

"Nendeni mkalete vioo! Vyote! Vya ukutani, vya kwenye mikoba, hata cha mzee cha kunyolea! Tupande kule kwenye jua!"

"Vioo vya nini sasa hivi?" mmoja aliuliza.

"Shika cha kwako ndipo uulize!"

Wakakimbia. Walirudi na vioo kumi na tisa. Vingine vilikuwa na ufa, kimoja kilikuwa kipande tu kama kiganja, kilichookotwa, na mwenye nacho alikuwa amekificha miaka miwili kwa aibu ya udogo wake. Mtu mmoja alifungua vioo vya pikipiki yake, akaja navyo mbio, lakini havikufaa. Vilikuwa vimebinuka kama jicho la samaki, vikautawanya mwanga kila upande na kutoupeleka popote. Akaviweka chini, akaenda kushika kamba. Wenye mifuniko ya sufuria nao waliona haitoi ila ukungu. Ni vioo bapa tu, hata vibovu, vilivyoutupa mwanga kama vilivyoupokea.

Walipanda mwinuko hatua sitini kutoka kisimani. Kila mmoja alikielekeza kioo chake kwenye jua, akakipata kipande chake cha mwanga ardhini mbele ya miguu, akakiongoza kuteremka kwenye majani, polepole, kama mtu anayemwongoza mwana-mbuzi kwa kamba, hadi kikafika kisimani. Kule chini kivuli kilikuwa kimekwisha kukifunika kisima. Sechelela alimwita Chiloli asimamishe kazi, akakigeuza kioo juu ya mti, akazunguka upande wa pili, sasa akielekea mashariki, akasubiri. Vipande vya mwanga vikaja, kimoja kwenye sketi yake, kimoja kwenye panda, kimoja machoni mwake. Halafu kimoja kikatua kwenye kioo. Halafu vitatu. Akakiinamisha, na kisima kikapata rangi tena.

Lakini mwanga ulifika nusu tu. Wanawake walikuwa wametapakaa kwenye mwinuko, kila mmoja mahali alipopaona pazuri. Mwanga wa yule wa kushoto uliingia kisimani kwa mshazari na kugonga ukuta wa kulia. Wa yule wa kulia ukagonga ukuta wa kushoto. Sechelela aliliona tatizo kwa kumsikia Chiloli: "Juu kunang'aa, huku chini hamna kitu!" Akawaita, "Sogeleaneni! Simameni pamoja! Kama mtu mmoja!"

Wakasogeleana. Warefu walisimama nyuma, wafupi wakapiga magoti mbele, viwiko kwenye mbavu za wenzao. Palikuwepo wawili ambao hawakuwa wakisalimiana tangu mwaka wa njaa, na sasa mmoja alikuwa ameegemeza kioo chake juu ya bega la mwingine. Na katikati yao alikuwepo Ndahani na kioo chake cha kunyolea. Mikono yake ilitetemeka, na kipande chake cha mwanga kilirukaruka kuliko vyote. Mwendwa akamwambia, "Baba Chilewa, kiegemeze kifuani, uzuie pumzi kidogo kidogo." Akatii. Kilitulia. Aliyetaka uso wake uonekane alikaa pale saa nzima akitazama mgongo wa kioo cha kunyolea, ambao ulikuwa na picha ya ua jekundu iliyochakaa.

Kivuli kiliwafuata hata kule. Kilipofika kwenye nyayo zao walirudi nyuma hatua moja, wakapanda, na kilipofika tena wakapanda tena, wote pamoja, bila kutengana. Wao walipopanda, Sechelela aliinua kioo. Siku nzima alikuwa amekiinamisha. Sasa alikiinua unywele kwa unywele, kuufuata mwanga wao. Mikono yake ilikuwa imekufa ganzi kiasi kwamba aliijua kwa kuitazama. Mtu wa pikipiki alikuja akapiga magoti ubavuni mwa Sechelela, akaweka mabega yake chini ya viwiko vyake ili vipumzike. Alikaa hivyo hadi mwisho, na sijui kama kuna aliyekumbuka kumshukuru.

Waliobaki na jua mwishoni walikuwa wenye vioo saba tu, juu kabisa ya mwinuko, wakati kamba ilipokaza na watu kumi wakavuta. Alipanda Madeha kwanza, halafu Chiloli. Ndipo wale saba wakashusha mikono. Sechelela alikishikilia kioo kwa muda baada ya hapo, kwa sababu vidole vyake havikujua kwamba kazi imekwisha, mpaka Mwendwa alipoteremka akavibandua kimoja kimoja.

Walimlaza Madeha kwenye mkeka. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevunjika, na kifua kilimuuma kwa miezi mingi, lakini alikuwa hai. Walimsafisha macho kwa yale yale maji mapya. Alipoweza kusema, alimtazama mkewe, akasema:

"Niliinua macho nikaona vijua. Vingi, vimebanana kama vifaranga. Nikahesabu hadi kumi na tano vikanichanganya. Nikasema, almradi vipo, sifi. Lakini wewe sikukuona hata mara moja. Ulikuwa wapi?"

Sechelela akajibu, "Nyuma ya kioo."

Madeha aliuvuta mkono wa mkewe uliokuwa bado umejikunja, akauweka juu ya shavu lake, ukakaa hapo mpaka ukanyooka.

Wiki ya pili fundi mwingine alikuja akakijengea kisima mawe, na maji yakatulia yakawa safi. Watu wakamwambia Ndahani kwamba sasa wakati umefika, aende achungulie, kisima kipate jina. Alikwenda. Alisimama hatua tatu kutoka ukingoni, akarudi nyumbani kwake. Walipomuuliza ameona nini, alisema, "Nilikumbuka kwamba tukichungulia kunakuwa giza." Kisima kile hakikupewa jina la mtu. Watoto wa kijiji huteka kwa foleni, anayewahi ndiye anayeteka. Na hadi leo, maji mapya yakionekana mahali popote karibu na kilima hicho, jambo la kwanza wanalofanya watu ni kurudi nyuma hatua tatu.

Nawe uliyewahi kutolewa shimoni ukiwa hai, na hadi leo unausifu mwanga uliouona, umekwisha kuuliza ni nani aliyesimama nyuma ya kioo?